Shylock Mbele ya Mizani ya Pamba

Wako watu ambao hawakuzaliwa na mama wala hawakuzikwa kaburini, lakini habari zao hutufunza mambo mengi kuliko habari za majirani zetu. Hao ni watu waliobuniwa na watunzi wa hadithi na michezo. Mmoja wao ni Shylock, mkopeshaji wa fedha wa mji wa Venice, aliyebuniwa na mtunzi wa Kiingereza William Shakespeare zaidi ya miaka 400 iliyopita. Leo twapenda kumwalika mzee huyo Bariadi, kwenye makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, tumsimamishe mbele ya mizani ya pamba, kisha tutazame maisha yake yanatuambia nini juu ya ujamaa wa nchi yetu: ulikotoka, uliposhinda, na ulipojikwaa.

Msomaji asidhani kuwa twafanya mzaha. Shylock si mgeni kwetu. Aliyemleta katika Kiswahili ni mtu mkubwa kuliko wote katika historia ya ujamaa wa Tanzania. Mwaka 1963 Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Julius Caesar. Mwaka 1969 akatoa tafsiri ya mchezo wa pili, akauita Mabepari wa Venisi. Yafaa tuikumbuke miaka hiyo. Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari, 1967. Mabenki yalikuwa yamekwisha kutaifishwa. Viongozi walikuwa wamekatazwa kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kuwa na nyumba za kupangisha. Kitabu kilitoka wakati nchi nzima ikiulizana nani mnyonyaji na nani mnyonywaji. Mtu mwenye kazi nyingi kama Rais wa nchi hakai usiku kutafsiri mchezo mzima wa mashairi kwa sababu hana jambo jingine la kufanya.

JINA LA KITABU

Tuanze na jina lenyewe. Kwa Kiingereza, jina la mchezo huo humtaja mfanya biashara mmoja tu wa Venice. Wengi hudhani kuwa mfanya biashara huyo ni Shylock. Sivyo. Anayetajwa ni Antonio, mwenye merikebu, mtu anayependwa na wenziwe na kusifiwa kwa ukarimu. Shylock ni mkopeshaji, naye jina la mchezo halimtaji kabisa.

Mwalimu alilichukua jina hilo la mtu mmoja akaligeuza kuwa la watu wengi: Mabepari. Kwa badiliko hilo dogo hatuambiwi tena habari za mtu mmoja mbaya au mmoja mwema, bali habari za tabaka zima. Shylock ni bepari. Antonio mwenye merikebu ni bepari vilevile, hata kama ana tabasamu nzuri. Bassanio, kijana anayekopa fedha ili apate kumwoa mwanamke tajiri, yu njiani kuwa bepari.

Neno bepari nalo lina safari yake. Lilitoka Bara Hindi, likafika pwani yetu pamoja na biashara, na maana yake ya asili ilikuwa mfanya biashara tu, bila sifa wala lawama. Siasa ndizo zilizolipa maana tunayoijua sasa, yaani mtu anayetajirika kwa mali inayozalishwa na jasho la wengine. Basi mtafsiri hakuupotosha mchezo. Kwa maana ya kale neno lake ni lilelile la Kiingereza. Kwa maana mpya ni hukumu. Ndani ya neno moja mna soko la zamani na Azimio la Arusha.

MKATABA NA KISU

Kwa faida ya wale ambao hawajakisoma kitabu, tutaeleza habari yake kwa ufupi. Bassanio anahitaji fedha. Rafiki yake Antonio hana fedha mkononi, kwa kuwa mali yake yote i baharini katika merikebu. Wanamwendea Shylock, naye anakubali kuwakopesha dukati 3,000 kwa miezi mitatu. Hadai riba. Anaandika sharti moja tu katika mkataba: siku ya kulipa ikipita, atakata ratili moja ya nyama katika mwili wa Antonio. Antonio anacheka na kutia sahihi. Kisha habari zinafika kuwa merikebu zimezama, siku inapita, na Shylock anakwenda mahakamani kudai haki yake. Amechukua mkataba, kisu, na mizani.

Wasomaji wetu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega watautambua mkutano huo wa vitu vitatu. Mkulima wa pamba hupanda mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza, hupalilia, hupiga dawa, na huuza wakati wa kiangazi baada ya miezi mingi. Katika miezi hiyo yote yu mtu wa kukopa. Hukopa mbegu, hukopa dawa, hukopa hata unga wa watoto. Kama Antonio, mali yake yote i safarini: haiko baharini, lakini iko shambani, chini ya wingu ambalo hajui kama litanyesha. Na bei ya mwisho haijui, kwa kuwa pamba huuzwa katika soko la dunia, na anayetaja bei katika soko hilo hajapata kushika jembe la Ntuzu. Siku ya siku ikifika, mkulima husimama mbele ya karani, daftari la madeni, na mizani.

Hapo ndipo Shylock anapotufunza jambo la kwanza. Yeye si mwizi wa usiku. Havunji mlango wala hapigi mtu rungu. Anadai kilichoandikwa, na sheria ya mji wake iko upande wake. Anapoulizwa kwa nini hana huruma, anawajibu mabwana wa Venice kwa hoja nzito kuliko zote katika mchezo. Anawakumbusha kuwa nao wana watumwa walionunuliwa, ambao huwatumikisha kama wanyama, na hakuna anayewaambia wawaache huru, kwa maana wanasema watumwa ni mali yao. Basi na yeye asema nyama hii ni mali yangu, nimeinunua. Baraza lote halimpi jibu. Haliwezi kumpa, kwa sababu sheria inayowalinda wao ndiyo inayomlinda yeye.

Hii ndiyo maana ya unyonyaji. Unyonyaji hautokani tu na moyo mbaya wa mtu fulani. Umo katika mkataba, katika sheria, na katika desturi inayowafanya watu kuona kuwa ni halali mmoja kula kwa jasho la mwingine. Mtu akitaka kuuondoa kwa kumtukana Shylock peke yake atachoka bure.

MIZANI ZA USUKUMA

Sasa tuitazame nchi yetu. Watu wengi huandika kana kwamba ujamaa wa Tanzania ulizaliwa Arusha mwaka 1967. Katika kanda ya Ziwa ulianza kabla ya hapo, na haukuanza kwa vitabu. Ulianza kwenye mizani.

Katika miaka ya baada ya vita vya pili vya dunia, mkulima wa Usukuma aliuza pamba yake kwa wanunuzi wa watu binafsi. Alifika na mzigo kichwani baada ya mwendo mrefu, akauona ukipimwa na mtu mwingine, kwa mizani ya mtu mwingine, na hesabu ikaandikwa kwa maandishi asiyoweza kuyasoma. Alijua uzito wa mzigo wake kwa shingo yake mwenyewe; mizani ikasema uzito mwingine. Malalamiko hayo ndiyo yaliyowaunganisha wakulima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kuweka watu wao wenyewe wa kuhakiki upimaji penye vituo vya kununulia. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, mkuu wake akiwa Paul Bomani. Kabla ya Uhuru wa 1961, pamba karibu yote ya kanda ya Ziwa ilikuwa ikipita mikononi mwa ushirika huo, nao ulihesabiwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika.

Yatupasa kukumbuka pia kuwa tangu mwaka 1954 hadi 1958 serikali ya kikoloni ilikataza TANU kufanya kazi zake katika Usukuma. Matawi yalifungwa, mizani haikuweza kufungwa. Mwanachama wa chama cha msingi alijifunza kuchagua viongozi, kuuliza hesabu, na kusimama mbele ya watu akasema hapana. TANU iliporuhusiwa tena, iliwakuta watu waliokwisha kujifunza siasa kwa ratili na senti.

Na tusiseme kuwa moyo huo uliletwa na wageni. Wasukuma walikuwa na desturi zao za kulima kwa pamoja, vijana wakiongozwa na wakubwa wao waliochaguliwa, waitwao basumba batale. Mwenye shamba kubwa na mwenye shamba dogo walisaidiana kwa zamu. Neno ujamaa lilipofika, halikukuta shamba lisilo na mti.

KUPE HANA RANGI

Hata hivyo Shylock anatupa onyo, na onyo hilo ni la pili katika mafunzo yake. Katika mchezo, watu wa Venice hawamchukii kwa ajili ya riba peke yake. Wanamchukia kwa kuwa ni Myahudi. Antonio amemtemea mate na kumwita mbwa. Shylock anajitetea kwa maneno yanayojulikana dunia nzima, akieleza kuwa Myahudi naye ni mtu wa nyama na damu, mwenye maumivu kama ya Mkristo. Chuki hiyo ni aibu ya Venice, na karne nyingi baadaye chuki ya namna hiyo iliwaua Wayahudi mamilioni huko Ulaya. Msomaji ye yote anayemaliza kitabu na kusema kuwa ubaya wa Shylock umetoka katika kabila lake, hakukisoma.

Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa kwetu. Katika nchi ya pamba, wenye maduka na wenye viwanda vya kuchambua pamba wengi walikuwa Waasia. Ingekuwa rahisi sana kumwambia mkulima kuwa adui yake ni rangi ile. Mwalimu alilikataa jambo hilo mapema. Tarehe 14 Februari, 1967, siku tisa tu baada ya Azimio kutangazwa, aliandika katika gazeti la The Nationalist kueleza kuwa ujamaa na ubaguzi wa rangi havipatani hata kidogo. Mtu akichukiwa kwa rangi yake, mnyonyaji wa rangi nyingine huponyoka.

Hii ndiyo sababu twasema kuwa jina Mabepari lilikuwa na hekima. Lilimweka Shylock na Antonio katika kapu moja. Kupe hutambuliwa kwa kunyonya. Rangi yake si hoja.

SHYLOCK ALIPOINGIA OFISINI MWETU

Lakini hapa hatuna budi kusema jambo chungu. Ikiwa kupe hana rangi, basi hana chama vilevile, wala hana ofisi ambayo hawezi kuingia. Mwaka 1966, miaka mitano tu baada ya Uhuru, malalamiko ya wakulima juu ya vyama vyao wenyewe yalikuwa mengi hata Rais akaunda kamati maalumu ya kuchunguza vyama vya ushirika na bodi za mazao. Kamati ilikuta upungufu wa makarani wenye ujuzi, wanachama wasiofundishwa haki zao, siasa zilizoingizwa mahali pasipo pake, na watumishi wasio waaminifu. Serikali iliingilia kati, na Victoria Federation ikageuzwa kuwa Nyanza Co-operative Union.

Fikirini maana ya jambo hilo. Mizani ambayo wakulima waliipigania ili itoke mikononi mwa mgeni, ilikuwa sasa mikononi mwa ndugu, na ndugu alikuwa akiiegemea kwa kidole. Shylock alikuwa amevua joho lake la Venice, akavaa shati la karani, akaketi nyuma ya meza yetu, chini ya picha ya Rais wetu.

Ugonjwa ulikuwa wa kweli. Je, dawa ilikuwa ya kweli? Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilifutwa nchi nzima. Kazi ya kununua pamba iliachwa kwa mamlaka ya serikali, na kijiji kikaambiwa kuwa ndicho ushirika. Mkulima wa Bariadi aliyekuwa na haki ya kumwondoa mwenyekiti wa chama chake kwa kura, hakuwa na kura ya kumwondoa ofisa wa mamlaka. Vyama hivyo viliruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka 1982. Mwalimu mwenyewe, alipoulizwa mwaka 1984, alisema wazi kuwa kuvifuta vyama vya ushirika na serikali za mitaa kulikuwa makosa.

Katika Mabepari wa Venisi yumo mtumishi mmoja, Lancelot, ambaye wasomaji wengi humcheka na kumpita. Sisi twadhani wafanyakazi wangefaa kumtazama vizuri. Kijana huyo anamtumikia Shylock, analalamika kuwa analala na njaa, mwishowe anahama na kwenda kumtumikia Bassanio. Anapewa sare nzuri zaidi na anafurahi. Lakini hakuna anayemwuliza juu ya mshahara wake, wala yeye hamwulizi mtu. Amebadili bwana, hali yake ya utumishi haikubadilika. Mkulima aliyetoka kwa mnunuzi binafsi akaenda kwa chama kisichomsikiliza, akatoka huko akaenda kwa mamlaka ya serikali, na tangu miaka ya 1990 soko lilipofunguliwa akarudi kwa mnunuzi binafsi, ana haki ya kuuliza kama hadithi ya Lancelot haikuandikwa kwa ajili yake.

UBATIZO WA LAZIMA

Twafika sasa kwenye fundisho la tatu, nalo ndilo zito kuliko yote. Katika mahakama ya Venice anatokea Portia, mwanamke mwenye akili, aliyevaa mavazi ya mwanasheria kijana. Anasema mkataba ni halali na nyama ikatwe. Ila mkataba unataja nyama, hautaji damu, tena unataja ratili moja kamili, isizidi wala isipungue kwa uzito wa unywele. Shylock anashindwa. Watazamaji hushangilia.

Lakini mchezo hauishii hapo. Shylock ananyang'anywa mali yake, kisha analazimishwa kuacha dini ya baba zake na kubatizwa. Anasema hajisikii vizuri, anaomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na hatumwoni tena. Baraza la Venice linaridhika kuwa limepata Mkristo mmoja zaidi. Je, limempata? Kila mwenye akili anajua kuwa limepata jina katika daftari tu. Moyo wa Shylock ulibaki palepale, labda na uchungu mkubwa zaidi.

Mwalimu aliijua hatari hiyo. Katika kijitabu chake cha Ujamaa Vijijini cha mwaka 1967, na tena katika Uhuru na Maendeleo cha mwaka 1968, alifundisha kuwa vijiji vya ujamaa haviwezi kujengwa kwa nguvu. Watu wenyewe hawana budi kuelewa na kukubali. Lakini mwendo ulikuwa wa polepole, na viongozi wakakosa subira. Novemba 1973 ilitangazwa kuwa kuishi vijijini si hiari tena bali ni amri, na kazi iwe imekwisha kabla ya mwaka 1976 kumalizika. Mwaka 1974 zamu ikaufikia Mkoa wa Shinyanga, ambao wakati huo ulikuwa na Bariadi, Maswa na Meatu ndani yake. Mkoa wa Simiyu wenyewe ulianzishwa mwaka 2012.

Wazee wa Simiyu hawahitaji kuelezwa yaliyofuata. Msukuma alikuwa akiishi kwa nafasi, nyumba yake mbali na nyumba ya jirani, ili ng'ombe wapate malisho na shamba liwe karibu na mlango. Aliambiwa ahamie kwenye mstari wa nyumba. Wako waliohama kwa hiari, wako waliohamishwa, na wako walioona nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa ili wasirudi. Mashamba yakawa mbali, samadi ikabaki kwenye maboma ya zamani, na makaburi ya wazee yakaachwa peke yake.

Haki itendeke: vijiji vilileta mambo makubwa. Shule, zahanati, maji na madarasa ya watu wazima viliwafikia watu ambao hapo kabla hawakuwa na kitu. Mwaka 1977 zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wakiishi vijijini, na watoto wengi wa wakulima waliosoma katika shule hizo ndio walimu, wauguzi na mafundi wetu. Hatutawaunga mkono wale wanaosema kuwa yote yalikuwa hasara.

Lakini kijiji ni jambo moja na ujamaa ni jambo jingine. Mtu aliyehamishwa kwa nguvu alikuwa amekwisha kuhamia kijijini. Hakuwa amehamia katika ujamaa. Alilima shamba la kijiji kama mtu anayelipa faini, na jioni akakimbilia shamba lake. Viongozi walitazama daftari wakaona wajamaa. Mashamba yalionyesha jambo jingine. Tulirudia hukumu ya Venice: tulihesabu waliobatizwa, hatukuuliza nani anaamini.

Tena, tofauti moja inatuumiza zaidi. Venice ilimlazimisha mkopeshaji, mtu aliyekuwa na kisu mkononi. Sisi tuliyemlazimisha hakuwa bepari. Alikuwa mkulima mwenye jembe, yuleyule ambaye ujamaa uliletwa kwa ajili yake, na ambaye miaka 20 kabla ya hapo alikuwa amejiunga na ushirika kwa miguu yake mwenyewe bila kusukumwa na mtu.

MIZANI YA LEO

Basi Shylock anatufunulia nini? Kwamba ujamaa wa nchi yetu ulikuwa na nguvu kila uliposimama karibu na mizani, na ulidhoofika kila ulipoiacha mizani ukashika daftari la majina. Mwaka 1955 mkulima alijua ushirika ni nini, kwa sababu aliuona ukimwongezea ratili alizokuwa akiibiwa. Mwaka 1974 hakujua ujamaa ni nini, kwa sababu ulimfikia kama amri.

Jambo hili si la historia peke yake. Mkoa wa Simiyu, wenye watu zaidi ya milioni mbili kwa hesabu ya mwaka 2022, umekuwa ukiongoza nchi kwa kilimo cha pamba. Mwaka 2018 serikali iliagiza pamba inunuliwe tena kwa njia ya vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo watu huviita AMCOS. Wengi tulifurahi. Lakini msimu wa 2019, bei elekezi ikiwa shilingi 1,200 kwa kilo, wakulima wengi walitoa pamba yao kisha wakangoja fedha kwa muda mrefu. Pamba ilikuwa imekwisha kuondoka, karatasi ikabaki mkononi. Mtu aliyekopesha mazao yake bila riba, bila sharti, na bila siku ya kulipwa, ni mkopeshaji wa ajabu kuliko wote. Hata Shylock asingemwelewa.

Kwa hiyo twawaambia wanachama wa ushirika: chama ni chenu siku ya mkutano mkuu vilevile kama siku ya kuuza. Nendeni mkutanoni. Ulizeni deni la dawa limeandikwaje, nani ameipima mizani hiyo, na makato yamekwenda wapi. Anayekasirika kwa kuulizwa hesabu ana kidole juu ya mizani.

Twawaambia wafanyakazi wa viwanda vya kuchambua pamba, makarani, na madereva wa malori: mkulima aliyepunjwa mwaka huu hatapanda pamba mwaka ujao, na kiwanda kisicho na pamba hakina mishahara. Adui wa shamba na adui wa kiwanda ni mmoja. Msikubali kuwa Lancelot, anayeridhika na sare mpya.

Na twawaambia viongozi wa Chama na Serikali, kwa heshima lakini bila kuficha: msihesabu ubatizo. Msituletee taarifa ya vyama vingapi vimeandikishwa na wanachama wangapi wamepewa kadi. Tuleteeni taarifa ya mkulima mangapi amepunjwa na mangapi amerudishiwa. Portia alimshinda Shylock kwa kuusoma mkataba neno kwa neno kuliko alivyousoma yeye. Kazi hiyo ya kuusoma mkataba kwa niaba ya mnyonge, kabla hajatia dole gumba, ndiyo kazi ya chama cha wakulima na wafanyakazi. Ikifanywa katika kila kituo cha kununulia pamba, kuanzia mwambao wa Busega hadi nyika za Meatu, hatutahitaji kumlazimisha mtu ye yote kuwa mjamaa. Atakuja mwenyewe, kama baba zake walivyokuja.